Nasema kwa Kura

Mwasiti alipomuuliza baba yake swali lile, baba hakumjibu. Si kwamba alikosa la kusema. Jambo lilikuwa zito, na Mwalimu Feruzi tangu azae hakupata kumwambia mwanawe jambo zito kwa maneno makavu. Binti alipoposwa, kule katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, mama mtu alimjia na maswali marefu. Baba alimpelekea ubeti mmoja tu, naye akausoma, akatabasamu, akakubali. Mumewe alipomtelekeza Ubelgiji na watoto wadogo, beti zilimfikia kwa simu kutoka Buffalo, Marekani, akazihifadhi moyoni, akawa akizisema huku anaosha vyombo mpaka machozi yakakauka. Watoto wengine walipata kwa baba zao fedha au karipio. Yeye alipata vina na mizani, na humo akajua la kufanya.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. "Baba, nivue au nisivue?"

Mwasiti alikuwa mtumishi katika nyumba ya kutunzia wazee, mali ya halmashauri ya mji mmoja mdogo ukingoni mwa mto Meuse. Kazi yake ilikuwa kuwaogesha wasiojiweza, kuwalisha wasioweza kushika kijiko, na kuwageuza kitandani wale ambao miili yao imesahau kugeuka. Mwaka ule, elfu mbili na kumi na sita, Ulaya ilikuwa ikibishana juu ya nguo za wanawake wa Kiislamu. Miji ya pwani ya Ufaransa ilikuwa imewakataza kuoga baharini wakiwa wamejifunika, na magazeti na mabunge yakiulizana uhuru wa mtu unaanzia wapi na mkono wa serikali unakomea wapi. Mabishano hayo yakaja yakabisha hodi kazini kwa Mwasiti. Halmashauri ilipitisha kanuni kwamba, tangu mwanzo wa Septemba, anayelipwa kwa fedha ya umma asionyeshe alama ya dini yoyote awapo kazini. Msalaba usionekane, kilemba kisionekane, ushungi usionekane.

"Mkurugenzi alituita mmoja mmoja," Mwasiti alimweleza baba yake. "Akaniambia, 'Kilicho kichwani kikitoka, kilicho mkononi kitabaki.' Alisema kwa upole, Baba. Hata kahawa alinimiminia. Ndiyo maana nililia."

"Wangapi mnaojitanda hapo?"

"Watatu. Mimi, mmoja Mmorocco, mmoja wa Guinea. Wakili tuliyemwendea anasema tukikataa sote watatu ana hoja ya kusimamia mahakamani. Mmoja akijitoa, wanaobaki wataonekana wakaidi tu. Wenzangu wananingoja mimi."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi nakungoja wewe."

Feruzi alishusha pumzi. "Nipe siku chache, mwanangu. Nitakujibu."

"Naam, Baba. Nitangoja."

Katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, Feruzi alikuwa mwalimu wa chuo, akiwafundisha watoto Kurani asubuhi na akitunga mashairi jioni. Huku Buffalo alikunja mashuka katika chumba cha dobi cha hoteli moja mjini. Kazi ile haikumtaka akili, basi akili yake ilibaki huru, na baina ya shuka na shuka ndipo alipotungia. Jibu la Mwasiti halikukawia kuja. Mishororo mitatu ilimjia siku ya kwanza, kama iliyokuwa ikingoja mlangoni:

*Mwasiti wangu Mwasiti, sikiza nikuusie,*
*Riziki haina kiti, mja akaikalie,*
*Shika lako usisiti, wasotaka wachukie,*

Kituo ndicho kilichokataa. Wajuao ushairi wanajua kwamba ubeti bila kituo, ule mstari wa mwisho unaoufunga, ni mlango usio na komeo. Feruzi alijaribu kituo kimoja, kikawa kikali kama hukumu ya kadhi. Akajaribu kingine, kikawa laini kupita kiasi, kama mtu anayeomba radhi. Alitaka kumwambia binti asimame, na papo hapo amwambie kwamba akianguka hatakuwa ameanguka peke yake. Na mambo hayo mawili yalikataa kukaa katika mizani kumi na sita.

"Mjibu mtoto," mkewe, Bi Zuhura, alimwambia siku ya tatu, akimtilia uji.

"Bado kituo."

"Kwani yeye amekuomba kituo?"

"Mama Mwasiti, neno lisilokamilika humpoteza apewaye."

"Na neno lisilofika je?" Bi Zuhura aliweka sufuria chini. "Mimi nayajua mashairi yako miaka yote hii, Baba Mwasiti. Yananipendeza. Lakini uji huu nisingekupa ukiwa umepoa ati kwa sababu nilikuwa natafuta kikombe kizuri."

Feruzi akacheka, akanywa uji, akaenda zake kazini. Kituo hakikuja siku hiyo wala iliyofuata. Ikafika Jumamosi.

Jumamosi alasiri ilikuwa saa ya baraza, na baraza lao lilikuwa la simu. Watu waliotawanywa na vita na masomo walipiga namba moja, wakabonyeza tarakimu walizopewa, wakajikuta wameketi pamoja bila kuonana. Feruzi aliketi kibarazani pa nyumba kuukuu ya mbao, mtaa wa West Side, pamoja na jirani yake Marcellin, Mkristo wa Bukavu, Kongo, ambaye hakukosa hata baraza moja. Mzee Assumani Lubunga alipiga kutoka Louisville, ambako alifanya kazi katika ghala la vifurushi. Mwenyekiti wao alikuwa Kiplagat, Mkenya aliyekuja kusomea mambo ya utawala, sasa ameajiriwa Columbus na kupanga nyumba Reynoldsburg, pembeni mwa mji huo. Kijana mwenye adabu kwa wazee na ulimi usiotulia. Kila alipoingia mtu, mlio mdogo ulisikika, *ting*, na Kiplagat huuliza, "Nani ameingia?" Wengi walijitaja. Wengine, kwa haya au kwa kuwa wako kazini, walisikiliza kimya.

Baraza lilikuwa na sharti. Kiplagat alileta hoja kutoka habari za wiki, akarusha sarafu, na sarafu ndiyo iliyomgawia kila mshairi upande. Aliyepewa upande hana budi kuutetea kwa nguvu zake zote, aupende au auchukie. Kwa hiyo kila mmoja, kabla ya kufungua kinywa, hutamka: "Nasema kwa kura, si kwa moyo." Waliliweka sharti hilo baada ya mashemeji wawili kununiana mwaka mzima kwa sababu ya hoja ya mahari. Tangu hapo hapakuwa na ugomvi.

"Wazee wangu, hoja ya leo inatoka Ulaya," Kiplagat alianza. "Jana mahakama kuu ya utawala kule Paris ilisimamisha marufuku ya mji mmoja wa pwani. Meya anasema analinda amani, mahakama inasema analeta hofu. Basi tuulizane sisi: serikali ina haki ya kumwambia mtu avae nini? Kikija kichwa, Mwalimu Feruzi anaitetea serikali. Ukija upande wa pili, anautetea uhuru. Narusha."

Kila mtu akatega sikio.

"Kichwa."

"Umeirusha kweli, au umetugawia tu?" Assumani akauliza.

"Mzee, mimi nimeokoka. Kamari sichezi, lakini sarafu narusha kwa haki."

Watu wakacheka. Feruzi angeweza kusema, "Nibadilishieni leo, hoja hii ina mwanangu ndani." Lakini hakuna aliyewahi kukataa kura, na Assumani hakuwa mtu wa kumwonyesha udhaifu.

"Nasema kwa kura, si kwa moyo," akatamka.

"Nasema kwa kura, si kwa moyo," Assumani akaitikia. "Na safari hii kura na moyo vimekutana, kwa hiyo nakuonea huruma, ndugu yangu wa nchi ya theluji."

"Huruma iweke akiba. Nasikia huko kwenu kwenye mbio za farasi, hata mashairi hukimbia bila mpanda."

"Basi kamata hatamu hii," Assumani akasema, akaghani kwa sauti yake nene:

*Serikali ina kuta, moyo hauna mpaka,*
*Kodi yangu ikipata, nguo yangu yaitaka?*
*Leo ushungi wavuta, kesho ulimi washika,*
*Uhuru ukitatuka, kiraka hakiushoni.*

Zikapigwa kelele za shangwe kutoka miji mitatu. Marcellin alipiga goti lake kwa kiganja. "Muzee, bon, ule muntu amekuchapa! Utamujibu nini?"

*Ting.*

"Nani ameingia?" Kiplagat akauliza. Hakujibu mtu. "Karibu, uliyeingia. Mwalimu, uwanja ni wako."

Feruzi alikwisha kupandwa na ule moto wanaoujua washairi peke yao. Alianza polepole. Alisema serikali ni mizani ya sokoni, na mizani haivai kilemba wala msalaba, kwa maana siku itakapovaa, mnunuzi atauliza inampimia nani. Kisha sauti ikapanda.

"Mnazungumza juu ya uhuru wa anayevaa. Nani atazungumza juu ya uhuru wa aliyelala? Mtazameni mzee asiyeweza kujigeuza kitandani. Mkono unaomgeuza ni mkono wa serikali, hakuuchagua, na hawezi kuukimbia. Mwenye ushungi aweza kutoka nje akavaa atakavyo. Yule mzee atatoka aende wapi? Uhuru uliombakia ni wa macho tu, nanyi mwataka kumnyang'anya na huo!"

Feruzi akajua amewashika. Akaghani:

*Nyumba ina mwenye nyumba, ndiye mwamuzi wa ndani,*
*Mgeni ukijipamba, pambo liache njiani,*
*Mwenye chake akitamba, hakuna wa kumhini,*
*Vua kilicho kichwani, upewe cha mkononi.*

Kituo kilitoka kinywani bila kutafutwa. Kwa muda wa wiki nzima kituo kingine kilikuwa kimemkataa. Hiki kilikuja kimevaa tayari, kimeoga, kimejipaka manukato. Vifijo vilivuma mpaka simu ikakwaruza. Katikati ya vifijo ukasikika mlio mwingine, wa chini zaidi, ule wa mtu anayetoka. Hakuna aliyeujali.

"Umenipiga," Assumani alisema vifijo vilipotulia. "Nakiri mbele ya watu. Lakini niambie, ndugu yangu, kituo kile umekitoa wapi? Kina damu ndani yake."

"Vituo haviulizwi kwao," Feruzi akajibu, na watu wakacheka tena.

Marcellin alimshika mkono, akautikisa kwa furaha. "Mwalimu, ulimumaliza! Donc, ule muzee wa Louisville asiamuke tena mpaka Noeli!"

Feruzi alitabasamu jioni nzima. Alipokuwa akitawadha kwa Magharibi ndipo kilipomchoma kitu kama mwiba mdogo, kwamba maneno yale yalikuwa ya mkurugenzi, na mzee asiyejigeuza alikuwa mzee wa Mwasiti. Akajiambia mshairi huokota popote. Akasali.

Alhamisi iliyofuata, baina ya mashuka, kituo cha kweli kikamjia. Aliacha shuka mkononi. Alikirudia kwa ulimi, akakihesabu kwa vidole, akaona kimekaa. Kilikuwa na yote mawili, amri na rehema. Ijumaa, baada ya sala ya Juma, alivua viatu, akakaa sebuleni, akampigia binti yake kwa uso wa mtu anayepeleka zawadi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, Alhamdulillahi. Baba, nimetii."

"Umetii nini?"

"Ulivyoniambia. Jana asubuhi. Niliingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikauvua, nikaukunja, nikauweka kabatini pamoja na mkoba wangu. Nikatia sahihi kanuni yao. Nikaenda kazini."

"Nilikwambia lini, mwanangu?"

"Jumamosi. Mama alinipa namba ya baraza. Aliniambia, 'Baba yako wiki nzima anakutungia jibu, hali wala halali, piga umsikie.' Nikapiga. Mwanzoni nilisema labda anamjibu mwingine. Kisha ukamtaja mzee asiyeweza kujigeuza, na huyo nilikusimulia mimi. Kisha ukayachukua maneno ya mkurugenzi, ukayatia vina. Nikajua wasema nami."

"Mwasiti, ile ilikuwa kura."

"Kura gani?"

Akamweleza. Akamweleza sarafu, na upande aliopewa, na tamko wanalolitamka kabla. Alivyozidi kueleza ndivyo mambo yale yalivyozidi kuonekana ya kitoto, wazee wazima wakichezea shingo ya mtu.

"Hukusikia tulipotamka?"

"Nilichelewa, Baba. Nilikuwa namlaza mdogo. Nilipoingia watu walikuwa wanacheka na kupiga kelele, halafu ukaanza wewe."

"Urudi basi. Kesho ujitande, uwaambie umebadili nia."

"Nimeshatia sahihi. Na wenzangu jana waligoma, wamerudishwa nyumbani. Wakili amesema bila mimi hana la kusimamia." Sauti yake haikuwa na hasira; ingekuwa nayo, Feruzi angepata mahali pa kushika. "Yule Mmorocco alinikuta mlangoni anatoka. Hakunitukana. Alinitazama kichwani tu."

Feruzi hakujua la kufanya isipokuwa lile alilolijua maisha yake yote. "Nimekuletea jibu lako," akasema. "Sikiliza, mwanangu. Hili ndilo." Akaghani:

*Mwasiti wangu Mwasiti, sikiza nikuusie,*
*Riziki haina kiti, mja akaikalie,*
*Shika lako usisiti, wasotaka wachukie,*
*Na ukichoka ulie, bega la baba li wazi.*



"Ni mzuri, Baba," Mwasiti alisema. "Lakini ule wa Jumamosi ulikuwa na nguvu zaidi."

Feruzi mwenyewe ndiye aliyemlea binti asikie ubeti wenye nguvu na ubeti usio nazo; hakuweza kumwambia amekosea.

"Usihuzunike," akaendelea yule binti, kama mama ambembelezaye mtoto. "Kazi ninayo, watoto wanakula. Kuna bibi mmoja hapa, haoni vizuri na hageuki mwenyewe. Nimemwogesha tangu nianze. Jana nilipomkaribia hakunijua. Akaniuliza, 'Yule mwenye kitambaa yuko wapi?' Nikamwambia amesafiri. Akalia, Baba. Alisema yule ndiye aliyekuwa na mikono mizuri."

Simu ilipokatika, Bi Zuhura alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Alikwisha kusikia ya kumtosha. Aliketi sakafuni pale pale, akajifunika uso kwa upande wa kanga.

"Mimi ndiye niliyempa namba," akasema.

"Ulimpa kwa wema."

"Nilidhani utamsomea jibu lake. Kila siku nakuona waandika, wafuta. Nikasema, mtu huyu hawezi kukaa mbele ya watu na hilo moyoni asilitoe." Akainua uso. "Ulikuwa na mishororo mitatu, Baba Mwasiti. Mitatu! Ungempa hiyo. Ungemwambia tu, 'Usivue, mwanangu.' Maneno mangapi hayo?"

Feruzi alitazama mikono yake, iliyozoea kukunja pembe juu ya pembe mpaka shuka likae sawa, na kwa mara ya kwanza akauchukia usawa.

Hakwenda barazani Jumamosi ile wala iliyofuata. Kiplagat alipiga kuulizia afya yake. Akaambiwa Mwalimu ana mafua. Idi ya kuchinja ikaja. Mwasiti alipiga kuwapa mkono wa Idi, akasimulia mvua ya huko, viatu vipya vya watoto, bei ya nyama. Baba akangoja. Zamani, kila mazungumzo yao yalikuwa na mahali ambapo binti alisema, "Baba, nina neno nataka kukuuliza." Mahali hapo palifika, pakapita kama kituo cha basi kisicho na abiria. Binti aliagana nao kwa adabu, akaomba dua zao. Ikawa hivyo kila alipopiga. Heshima haikupungua hata kidogo, na maswali hayakurudi.

Mwisho wa Septemba, Marcellin alimjia kibarazani. "Mwalimu, batu banasema unaogopa muzee Assumani. Bon, mi nakatala. Lakini kuja leo, ubafunge kinywa."

Akaenda, si kwa ajili ya vinywa vya watu. Alikuwa na tumaini asilolitamka hata kwa mkewe. Namba ile Mwasiti alikuwa nayo bado.

"Mwalimu amerudi!" Kiplagat akapiga kelele ya furaha. "Hoja yetu ile ya Ulaya haikuisha, watu wameniomba tuirudie. Nani amiliki dhamiri ya mtu, mwenyewe au serikali? Narusha." Sarafu ikalia mezani huko Reynoldsburg. "Safari hii Mwalimu anautetea uhuru."

"Nimekwisha!" Assumani akasema. "Akiwa na uongo alinipiga, akipewa ukweli itakuwaje? Haya, ndugu yangu, tamka tamko, unichinje na Idi bado ingali karibu."

Feruzi alifungua kinywa. Tamko lile fupi, alilolisema mara nyingi kama mtu asemavyo bismillahi, lilimkwama.

"Mwalimu? Upo?" Kiplagat akauliza. "Simu yako imekatika?"

"Nipo."

*Ting.*

"Nani ameingia?"

Feruzi alisikia pumzi ya mtu, karibu sana na simu, pumzi ya mtu anayesikiliza na hataki kujitaja. Huko ukingoni mwa Meuse ilikuwa saa ambayo watoto wamekwisha kulala. Aliinuka kitini bila kujua kwamba ameinuka.

"Leo sisemi kwa kura," akasema. "Mwanangu, kama ni wewe, usitoke. Sina ubeti. Nilikuwa na jibu lako tangu siku ile ile uliyoniuliza, nikalizuia kwa sababu halikunipendeza masikioni. Kisha nikayachukua machozi yako nikashindana kwayo. Nilitaka kukwambia usivue. Na kama umevua, wewe ni mwanangu, na kama hutaki kuniuliza tena, wewe ni mwanangu. Ni hayo tu. Nambie kwamba umesikia."

Marcellin aliinamisha kichwa, akavua kofia yake.

"Nambie kwamba umesikia, Mwasiti."

Pumzi ile ikakatika, na sauti ya kiume, yenye haya, ikasema, "Nisamehe, Mwalimu. Ni mimi, Enoki, wa Louisville. Niko kazini, simu iko mfukoni, nasikiliza kwa waya wa masikioni."



"Kiplagat, mwanangu," Assumani akasema taratibu, kwa sauti ambayo hapakuwa na mtu aliyewahi kuisikia kwake, "funga baraza."

Wakatoka mmoja mmoja. Kila atokaye, ule mlio wa chini ulilia. Louisville ikatoka, Columbus ikatoka, wengine wasiojulikana walipo wakatoka. Marcellin aligusa bega la Mwalimu, akashuka ngazi kwenda kwake. Feruzi alibaki na simu sikioni, akingoja mlio wa mtu aingiaye, mpaka sauti ya mashine ilipomwambia kwa Kiingereza kwamba katika baraza hili hayumo mwingine ila yeye.